Nilivyowapeleka Busi Samaki wa Kilindi

Sikutaka kwenda Busi. Naanza na hilo asije mtu wa mtaani kwetu Nkuhungu akadhani nilikuwa na moyo mwema kuliko wenzangu. Nilikuwa na vifaranga wa wiki moja bandani, madaftari ya kusahihisha, na mgongo unaoniuma kila nikikaa kwenye gari. Nilikwenda kwa sababu ya jibu moja nililolitoa darasani bila kufikiri.

Idi alikuwa mwanafunzi wangu wa baiolojia hapa Dodoma, mtoto wa wakulima wa Busi, Kondoa. Bahari hakuwahi kuiona. Siku moja akauliza chini kabisa ya bahari kunaishi nini, nami nikamjibu kama ilivyoandikwa katika daftari langu la chuo: kuna giza, baridi na uzito wa maji, kiumbe hakuna. Alipomaliza shule zilikuwa siku za ruksa, meli za kigeni zinapewa vibali vya kuvua mbali, naye akaoa, akateremka Dar es Salaam, akapata kazi kwenye meli ya nyavu za kina kirefu. Baada ya mwaka mmoja likaja sanduku kwa treni, limeandikwa jina langu. Ndani mlikuwa na chupa tano zenye viumbe wa baharini ndani ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, alizopewa na mtaalamu mmoja melini, na barua.

"Mwalimu, shikamoo," aliandika. "Ulituambia kule hakuna kitu. Nimehesabu aina mpaka nimechoka, na kila wavu unapanda na wageni wapya. Wengi wana taa zao wenyewe mwilini. Wakifika juu bado zinawaka, halafu zinazimika moja moja, na hapo ndipo tunajua wamekufa."

Nilijivunia barua ile, nikawasomea walimu wenzangu wote. Mwezi haujaisha akaja baba yake mdogo Idi, Mzee Salum, na barua ya Kiingereza kutoka kwa wakala wa meli, nimsomee. Idi alikuwa ameanguka baharini. Walimtafuta siku mbili, hawakumpata.

Mzee Salum alirudi baada ya miezi mitatu, amekonda. "Shemeji, mama yake Idi, hataki tumsalie mtoto," akaniambia. "Anasema maiti hajamwona. Na yule binti, Mwajuma, mke wa Idi, amekwama. Eda hawezi kukaa, kwao hawezi kurudi. Shemeji anakutaka wewe. Anasema aje mwalimu aliyemfundisha bahari, aje na hayo madude yake, anieleze kwa kinywa chake kama mtu anaweza kuwa huko. Mwalimu, utakalolisema ndilo atakalolishika."

Basi nikafunga sanduku.

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Dodoma. Kondakta alitaka kulitupa sanduku juu ya basi pamoja na magodoro, nikamwambia likivunjika atasafiri na harufu yake mpaka Kondoa. Nikalipakata juu ya kitenge changu. Barabara ya kaskazini ilikuwa ya vumbi tupu siku zile, na kila gurudumu lilipoingia shimoni chupa ziligongana taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Mgongo ukaanza yake kabla hatujafika Mayamaya.

Njiani nilifungua kifuniko mara moja kuangalia kama kuna iliyovuja. Chupa ya kwanza ilikuwa na kamba wekundu kabisa. Wekundu ule huko kilindini ni vazi la kujificha, maana mwanga mwekundu haufiki, na kamba wa namna ile huonekana mweusi kama maji yenyewe. Ya pili ilikuwa na samaki mwembamba wa fedha, mwenye safu ya vitaa tumboni. Huviwasha ili anayemtazama kutoka chini asione kivuli chake. Ya tatu, jongoo bahari aliyepauka, utumbo wake unaonekana ukiwa umejaa tope. Wa nne alikuwa amemeza samaki mkubwa kuliko yeye mwenyewe, na jicho la aliyemezwa lilikuwa likitazama nje kupitia ngozi ya tumbo.

Wa tano sikupenda kumtazama, wala simpendi leo. Alikuwa jike jeusi lenye ukubwa wa ngumi, meno kama sindano za magunia, na utosini ana kifimbo chenye tone la taa. Ubavuni mwake palining'inia kinyama kidogo. Hicho kinyama ni mume. Akimpata jike katika giza lile humng'ata asimpoteze tena, na miili yao huungana, damu ikawa moja, macho ya dume yakafa kwa kuwa hayana kazi. Nilirudisha kifuniko haraka.

Mchana, Kondoa mjini. Nilipata nafasi juu ya lori lililokuwa likienda Busi kuchukua ufuta. Tulikuwa abiria kama kumi, na haikuchukua muda wakataka kujua mwalimu amebeba nini kwa uangalifu ule. Nikawaonyesha lile jike jeusi. Kosa langu.

Kwanza walicheka. Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akasema, "Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni." Kisha mfugaji mmoja akainama karibu, akaniuliza, "Huyu amekufa?"

"Zamani."

"Mbona ananifuata kwa macho?"

Nikamweleza kwamba kioo kikiwa duara huchezea macho ya watu. Hakuridhika. Lori lilipopinda kuingia njia ya makorongo, samaki akageuka ndani ya chupa, mdomo ukaelekea tunakokwenda. Lilipopinda upande mwingine, akageuka tena, mdomo kule kule Busi. Nilijua sababu: kichwa chake ni kizito, lori likiyumba kinatangulia. Nilieleza kwa sauti ili wote wasikie. Hata hivyo watu walisogea mmoja mmoja, na nilipokuja kuangalia nilikuwa nimekaa peke yangu na sanduku katikati ya lori, wao wote wamebanana kwenye ubao wa nyuma. Nilikasirika, maana na mimi ningependa kubanana nao.

Saa tisa alasiri, Busi. Mzee Salum alinipokea akanipeleka moja kwa moja kwa shemeji yake. Nyumba ilikuwa tembe ya zamani, paa la udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Jua lilikuwa kali nje, nikaingia nikawa kipofu. Nilisalimia giza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae. Mwajuma, mpe mgeni kigoda."

Mkono ukanishika kiwiko ukanikalisha. Polepole nikamwona bibi mwembamba aliyekaa kwenye ngozi, na nyuma yake binti ambaye hajatimiza hata miaka ishirini na mbili. Karibu na mlango palikuwa na sahani ya ugali iliyofunikwa kwa kawa.

"Hicho ni cha Idi," bibi akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimapima, akisita kutafuta neno. "Amekuja mara tatu. Anasimama hapo mlangoni, nguo zinachuruzika maji. Nikiamka nikipapasa, chini pakavu. Haongei. Sasa wewe niambie. Huko chini mtu anaweza kukaa?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia maneno ya upole. Yote yalinikimbia. Nikamwambia ukweli: hawezi. Nikamweleza uzito wa maji, kwamba kifua cha mtu hakiwezi kuubeba, kwamba hakuna hewa na baridi ni kali. Akasikiliza akitikisa kichwa.

"Lakini hawa wako huko," akasema, akiligusa sanduku.

"Hawa wameumbwa kwa ajili ya huko, mama."

"Wanakula nini? Kule kuna shamba?"

Hapo mwalimu aliye ndani yangu alifurahi kuulizwa. Nikasema jua halifiki, mmea hauoti, kwa hiyo wanangoja kinachoanguka kutoka juu. Kutwa kucha vinashuka vipande vidogo vidogo, kama pumba mtu anapopepeta. Na kikianguka kitu kikubwa, nyangumi kwa mfano, wanakusanyika kutoka mbali kwa harufu, kila aina na zamu yake, wa nyama kwanza, wa mifupa mwisho, na hata mfupa huwa nyumba ya minyoo kwa...

Nilikuwa nimekwisha kusema.

Mwajuma aliinua mtandio akajifunika uso. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi hakusogea.

"Basi wamemla," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Usiombe msamaha. Wengine wamekuja hapa wakaniambia yuko Arabuni anafanya kazi." Akanyoosha mkono. "Nipe mmoja."

Nikampa chupa iliyokuwa juu, ya lile jike jeusi. Akaipapasa kwa muda mrefu, akaniomba nimsomee barua ya mwanawe. Nikasoma mpaka mahali pa taa, akanizuia, akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo taa ikiwaka, yuko hai."

"Mama, huyu amekaa kwenye dawa miezi mingi. Hawezi kuwaka."

"Mwajuma, funga mlango."

Mlango ulifungwa, na giza lililoingia sijapata kuliona tena. Nje tulimsikia Mzee Salum akikohoa, halafu hata yeye akaacha. Chupa ilikuwa mapajani mwa bibi, hatua mbili kutoka kwangu. Tulikaa. Nilisikia pumzi za watu watatu, kisha nikaanza kuzihesabu, na kuna wakati hesabu ilinikataa.

Ndipo nikaona. Tone dogo la mwanga, pale mapajani, chini kidogo ya usawa wa macho yangu. Lilitikisika, likatulia. Nafundisha jicho kila mwaka, najua kwamba katika giza nene jicho hujitungia mwanga wake. Nilijisomea somo lote kimoyomoyo. Tone halikuondoka. Nilikuwa naogopa, sioni haya kuliandika.

"Mwalimu," sauti ya bibi ikaja, "unaona kitu?"

Nikimwambia naona, sahani ile ingefunikwa kila jioni mpaka azikwe yeye mwenyewe, na yule binti angezeeka ameketi nyuma yake.

"Sioni, mama."

"Mwajuma?"

Binti alichelewa kujibu. "Sioni, mama."

Nilisikia kucha zikigusa kioo.

"Basi hata mimi sioni," bibi akasema. Akapaza sauti. "Salum! Kamwambie shehe. Kesho mumsalie mwanangu."

Kulipokucha, uwanjani. Wanaume walijipanga mistari mitatu wakamswalia Idi swala ya ghaibu, mbele yao pakiwa patupu. Mimi Mkristo nilisimama pembeni na wanawake, nikalia bila kujua nalia nini hasa. Bibi hakulia. Alikuwa ameosha sahani ile mwenyewe, akaigawa pamoja na vyombo vingine vya khitma.

Saa nne, kuondoka. Lori la ufuta lilikuwa likipiga honi. Chupa zote tano nilirudishiwa, bibi hakutaka kubaki hata na moja. Aliniletea kuku aliyefungwa miguu, nikamwambia nyumbani nina vifaranga, akasema huyo atawalea.

Nikaingia ndani kumuaga Mwajuma. Alikuwa amekwisha kuingia eda, amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye mkeka mpya. Nilimpa pole, naye akanishukuru kwa kufunga safari ndefu. Nilipogeuka kutoka akanishika upindo wa kitenge.

"Mwalimu," akanong'ona, "ile taa, kwako ilikuwa ya rangi gani?"

Nilitazama mlangoni kwanza. Bibi alikuwa nje, anafagia.

"Buluu," nikasema.

"Na kwangu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa juu ya magunia ya ufuta, sanduku nimelikumbatia, na safari hii sikujali nani amekaa mbali nami. Watu huniuliza safari ile ilinifundisha nini. Huwajibu kuhusu samaki, kwa kuwa hayo nayajua vizuri sasa na wanafunzi wanayapenda. Nililojifunza hasa ni kwamba mtu anaweza kuliona tumaini lake kwa macho yake mawili, akaliacha ili mwingine apate kuishi. Nimerudi Busi mara mbili tangu hapo. Mwajuma ameolewa Kolo, ana watoto. Bibi yupo, amezeeka, hunipokea vizuri, na tukikaa wawili tembeni siku zote ni mimi ninayeomba mlango uachwe wazi.