Nyumba Tano Nilizozifuta

Nakumbuka siku niliyofuta nyumba tano kwa kalamu nyekundu, mwanangu, na kwa kuwa umekuja na simu yako ukitaka kutengeneza filamu ya hadithi ya wazee, kaa kwanza nikuambie. Chai ipo, haraka ya nini?

Nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka Singida, nimepangiwa shule moja huku kwenye miteremko ya Hanang. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu ndio kwanza wamehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa safu. Na mimi kichwa kimejaa sinema! Chuoni tulionyeshwa filamu moja ya mapenzi ya Hollywood, ya kuimba mwanzo mpaka mwisho; jamaa akikasirika anaimba, akifurahi anaimba, hata kuaga anaimba. Mkufunzi wetu akatueleza kwamba zamani ulikuwa mchezo wa jukwaani huko Ulaya, mrefu, wenye waimbaji wengi na visa vingi. Wamarekani wakauchukua, wakapunguza nyimbo, wakaondoa watu, wakabakiza wapendanao wawili na sura zao karibu na kamera. Nilivyoipenda kazi ile, we acha tu.

Basi mkuu wa shule aliponiambia niandae mchezo wa sherehe ya kijiji, nikajua la kufanya. Palikuwa na mzee mmoja, Aako Bura. Aako ni babu kwa Kiiraqw, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa na hadithi ya kuimba, ya binti aliyempenda kijana wa ukoo uliogombana na ukoo wao. Kabla ya kwenda kwa mchumba, binti anapita nyumba tano za majirani, anaomba ruhusa kila mlango, na wasikilizaji wanamwitikia kila anapoomba. Ilichukua nusu siku nzima. Nikasema, ah, hapa panahitaji mkasi. Nyumba zote tano nikazifuta. Akabaki binti na kijana, wanaimbiana, wanashikana mikono, wanaondoka. Watazamaji nikawapangia mabenchi wakae kimya kama wako sinema.

Binti nilimpa Martina wa darasa la saba, sauti yake Mungu alimjalia. Siku ya mazoezi baba yake alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama kutazama. Wimbo ulipoisha akaswaga ng'ombe wake akaondoka. Kesho yake Martina hakuja shule, wala keshokutwa, na mtihani wa kumaliza ulikuwa umebakiza wiki tatu. Rafiki yake wa dawati moja ndiye aliyenieleza.

"Mwalimu, baba yake amesema haji tena. Amesema shule inamfundisha kutoroka na wanaume."

Kutoroka! Hasira zikanipanda. Nikaenda kwa Aako Bura kushtaki, nikijua atanitetea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniomba nimsimulie jinsi nilivyoipanga hadithi yake. Nikasimulia yote. Akacheka kidogo, na mimi nikaanza kuona aibu kabla hajasema kitu.

"Mwalimu," akasema, "huyo binti wako ametoka kwao bila kumuuliza mtu. Kweli ametoroka. Zile nyumba ndizo zinazomfanya awe bibi arusi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikainuka, nikasema nakwenda sasa hivi kumwomba radhi baba Martina.

"Moja kwa moja?" akauliza. "Unataka kuzifuta tena?"

Akanitangulia. Nyumba tano za safu ile, mwanangu, kwa miguu yangu hii. Kila mlango nilisimama nikaeleza kosa langu, mimi mwalimu, huku wanafunzi wangu wanapita na ndoo za maji wakinitazama. Mama mmoja alinicheka waziwazi, akasema, "Msomi, leo umeumbuka!" Halafu akajifunga khanga yake akafuatana nami. Mlango uliofuata nao wakatoka. Tulipofika kwa baba Martina tulikuwa kundi zima, na machozi yananitoka.

Hakuniuliza nimefuata nini. Aliuliza tu, "Umepita kwa nani na nani?"

Nikawataja. Kila nilipotaja jina, mwenye jina aliitikia nyuma yangu. Walipokwisha wote watano, baba Martina akageukia ndani akaita, "Martina! Kesho shule."

Siku ya sherehe hatukuweka mabenchi. Majirani wale watano walikaa katikati ya watu, Martina akawaendea mmoja mmoja akiimba, na kijiji kizima kikamwitikia. Na usidhani hatukupunguza kitu. Mchezo ulichukua saa moja, na Aako mwenyewe ndiye aliyeniambia niondoe sifa za dume la ng'ombe la babu yake. "Hilo kata," akasema, "nalipenda mimi peke yangu." Martina alifanya mtihani wake, baadaye akawa muuguzi, na ndiye anayenipima presha mpaka leo. Kila akinifunga ule mkanda mkononi namshukuru Mungu kwa yule mzee. Angeweza kunisema vibaya hadharani, nami ningeomba uhamisho nikaondoka na hasira zangu. Yeye alinitembeza, na kwa kunitembeza akanipa majirani.

Kwa hiyo punguza hadithi, mwanangu, sikukatazi. Watu wa siku hizi hawana nusu siku ya kukaa. Lakini kabla hujafuta kitu, muulize mwenye hadithi kitu hicho kimewekwa pale kwa kazi gani. Na ukikosea, usione haya kurudi kuomba radhi, mlango kwa mlango, bila kuruka hata mmoja.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akulinde na haraka iliyonipata mimi, na popote utakapobisha hodi akupe wa kukukaribisha. Haya, nenda kaombe ruhusa. Zimebaki nyumba nne. Ya kwanza ilikuwa hii yangu, na mimi nimekuitikia.