Mume Wangu Amempa Mtoto Jina la Nahodha wa Raga Ambaye Hajawa Nahodha

Admin, nifichie jina kabisa, maana mume wangu naye yumo humu. Huwa anasoma visa vya watu na kusikitika kama mtu mwenye akili timamu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimezaliwa Murungu kule Kibondo, nimeolewa Kasulu. Nauza vitenge sokoni. Nina mapacha wa miaka mitatu, Bukuru na Butoyi, na mdogo wao wa kiume mwenye miezi mitatu. Huyo mdogo ndiye aliyenileta kwenu.

Mume wangu ni fundi simu. Kwenye simu yuko vizuri, hilo simnyimi. Ila ana ugonjwa wa raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la parachichi, wanaume wazima wanainamishiana vichwa na kusukumana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Aliupata utotoni kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha vijana. Mgeni aliondoka, ugonjwa ukabaki. Na heri angekuwa anatazama tu. Yeye anatabiri. Anapanga kikosi cha Afrika Kusini cha Kombe la Dunia lijalo, kumi na tano wa kuanza na wanane wa akiba, akimaliza anapanga na cha kombe la miaka minne baada ya hapo. Anaweka mtandaoni, halafu anakaa kusubiri sifa. Wafuasi wake wote wakija kwangu kula, sufuria moja ya ugali inawatosha na kiporo kinabaki. Huko Afrika Kusini hajafika. Hata Tabora hajafika. Nilipokuwa na mimba hakujua niko mwezi wa ngapi, lakini goti la kijana fulani wa huko alijua litapona lini.

Wasiotoka huku niwaeleze kidogo. Kwetu mapacha wakizaliwa majina yao yanajulikana, Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Kiza. Hakuna kikao. Baba mkwe wangu yuko Makere, ni mzee aliyetoka Burundi mikono mitupu, akalima mpaka akawa raia wa hapa. Mashamba aliyaacha, ng'ombe aliwaacha, majina alikuja nayo. Tangu tumbo langu halijaonekana alikuwa akinisalimia, "Kiza hajambo?"

Mtoto alipofikisha mwezi mmoja, mume wangu akasema anakwenda kushughulikia cheti cha kuzaliwa. Mimi nilikuwa bado najikongoja. Nikamwambia nenda, angalau leo utaandika jina la mtu aliyepo. Sikumfuatilia. Nilimdharau kiasi kwamba sikuwahi kufikiri anaweza kuharibu kitu cha maana.

Akarudi na karatasi. Jina la Kiza halimo. Limeandikwa jina la kijana mmoja wa Afrika Kusini, jina la kwanza na la ukoo, ambaye hata kikosi cha wakubwa alikuwa hajaitwa. Kwenye utabiri wa mume wangu huyo ndiye atakuwa nahodha wa kombe. Nilimuuliza mara tatu kama anatania. Akanijibu kwa upole, kama mwalimu na mtoto mzito wa kuelewa: "Mama Bukuru, cheti kina tarehe. Siku akiwa nahodha, hakuna atakayesema nilibahatisha."

Yaani mwanangu ni ushahidi wake.

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka kibandani amenyong'onyea, nikadhani kuna msiba. Kumbe yule kijana ametangaza kwamba hatachezea Afrika Kusini. Atachezea nchi nyingine, kwa sababu bibi yake alizaliwa huko na sheria za raga zinaruhusu. Nilicheka mpaka mshono wa uzazi ukauma. Hata huyo kijana anakumbuka kwa bibi yake, mume wangu anayelala nami Kasulu amesahau kwa baba yake Makere.

Nilijua sasa aibu itamrudisha, tutaandika Kiza yaishe. Thubutu. Ameshapanga kikosi kipya, ana nahodha mpya, na anataka jina libadilishwe liwe la huyo. Karani alimwambia mtoto ana wazazi wawili, kwa hiyo na mimi nitie saini. Fomu iko mezani. Anaitaka Jumatatu.

Nikamwambia nitasaini likiandikwa Kiza tu. Akasema hilo jina tutamwita nyumbani, kwani shida iko wapi, mzee hasomi. Na nikithubutu kumwambia baba yake, nirudi kwetu Murungu na vitenge vyangu, watoto nimwachie.

Mzee anakuja Jumapili kumbariki mjukuu. Nimejaribu kupitia kwa mama mkwe, akasema mwanaume ni kichwa cha nyumba. Nimekitazama hicho kichwa, mama, ndani mna kumi na tano wa kuanza na wanane wa akiba.

Jana nilikuwa namnyonyesha, mume wangu akaja akasimama akimtazama mtoto muda mrefu. Nikasema moyoni, leo amemwona. Akamshika bega, akasema huyu akikua anafaa safu ya mbele.

Ndugu zangu, mimi kucheka nimechoka. Nikisaini, mwanangu atabeba maisha yake yote jina la mtu asiyemjua, na akikosa nafasi huyo, atapewa la mwingine. Nisiposaini, atabaki na la yule aliyehamia kwa bibi yake. Nikisema, nawapoteza wanangu. Jumapili mzee atampokea mikononi, atamwita Kiza, na mtoto atamgeukia, kwa sababu ndilo jina pekee analolijua. Nimwache mzee abariki hivyo hivyo aondoke na furaha yake, au nimsomee karatasi? Mniambie kabla ya Jumapili.