Kitovu Changu Hakipo Lupiro

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, nimesimama katikati ya baraza la jumbe pale Ifakara, zama za mkoloni, na watu wote wananitazama mimi. Siku ile ndiyo ilikuwa ijulikane kama mimi na bibi yangu tutakuwa na pa kulima au tutaanza kuomba kwa watu. Na aliyetufikisha pale hakuwa mwizi wala mchawi. Nilikuwa mimi, kwa shairi langu mwenyewe.

Nakusimulia kwa sababu jana umenisomea shairi lako la kwenu, lile unalotaka kwenda kulighani mbele za watu. Umelitunga vizuri, sikatai. Lakini nilisikia mahali umesema sisi ni ukoo wa watemi, nikakohoa. Ukadhani ni kifua. Haikuwa kifua, mwanangu. Kaa hapo, weka hiyo simu chini, unisikilize.

Mimi nililelewa na Bibi Sekunda, mama yake baba yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Kilosa. Barua zake zilikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haziji. Tulichokuwa nacho mimi na Bibi ni shamba moja la mpunga, bondeni, kando ya mto Lumemo. Hilo ndilo lililotulisha, ndilo lililonivisha, ndilo lililonipeleka shule. Ukituondolea lile shamba, umetumaliza.

Shuleni alikuja mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Petro, mtu wa Muheza, mpole kama nini. Alitufundisha kupima mizani kwa vidole na kutafuta vina. Mwaka ule akatuambia kila mmoja atunge shairi la alikotoka, na siku ya kufunga shule tuyaghani mbele ya wazazi. Wenzangu walifurahi. Mimi nilirudi nyumbani peke yangu, sikuwasubiri.

Maana nilikotoka nilikuwa nakujua, na nilikuwa nakuonea haya. Bibi yangu hakuzaliwa Ifakara. Aliletwa kwa mtumbwi akiwa mtoto wa miaka sita hivi, katika ile njaa kali iliyofuata vita vya Maji Maji. Kwao walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Mjomba wake akampandisha mtumbwini, akaja naye mpaka kwa mzee mmoja wa Lumemo aliyekuwa bado na mpunga ghalani, akamwacha pale akaondoka na kikapu kimoja cha mpunga. Kikapu kimoja, mwanangu. Bibi alinisimulia mara moja tu, akaniambia nisiwatangazie watu.

Na mimi mwenyewe nilizaliwa wapi? Juu ya dungu. Unavijua vile vibanda vya juu ya miti tunavyojenga bondeni wakati wa kilimo. Masika ile mto ulipanda usiku mmoja, maji yakajaa chini ya dungu, mama hakuweza kushuka, akanizaa huko huko juu na Bibi ndiye mkunga. Pa kuzika kitovu hapakuwapo, dunia yote ilikuwa maji. Bibi akakitia kwenye kijungu chenye majivu, akakifunga kwa kamba na kukining'iniza darini, kikakaa hapo mpaka maji yalipokauka. Ndipo akakizika shambani.

Mimi niliona hayo ni mambo ya kuchekwa. Mwenzangu mmoja babu yake alikuwa na heshima kubwa, mwingine kwao kulikuwa na ng'ombe. Mimi nikaseme nini, kwamba bibi yangu alibadilishwa na mpunga? Kwa hiyo nikatunga jingine. Nilikuwa nimesikia Lupiro, ng'ambo ya mto, kulikuwa na koo kubwa za zamani. Nikajipeleka huko bila hata kulipa nauli ya kivuko. Ubeti wake naukumbuka wote:

Kwetu ni ng'ambo Lupiro, kwa wenye enzi ya kale,
Hatuna hata kasoro, tu wateule milele,
Hatukuvuka kwa kero, hatukuomba mchele,
Kitovu changu, Lupiro, kimelala pale pale.

Nililighani kwa sauti niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo. Watu walipiga makofi. Bibi alikaa mstari wa pili, khanga yake mpya begani, akanitazama tu. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Babu Kaspari. Huyu alikuwa jirani yetu wa shamba, mtoto wa yule mzee aliyempokea Bibi. Walikua nyumba moja, alimwita Bibi dada. Mimi mjinga nikafurahi kwamba hata Babu Kaspari amelipenda shairi langu.

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Haikupita wiki mbili, mjumbe akaja mlangoni: Bibi Sekunda anaitwa barazani. Babu Kaspari anadai lile shamba ni la marehemu baba yake, alituazima tu, na sasa wanawe wamekua wanalitaka.

Ili uelewe ubaya wake, lazima ujue desturi yetu. Shamba la kuazima unalima, unavuna, na kikapu cha kwanza unampelekea mwenyewe kumshukuru. Lakini huziki kitu humo. Huziki maiti, huziki kitovu. Kitovu huzikwa kwenye ardhi yako. Basi kitovu changu kilikuwa ndiyo hati yetu, hatukuwa na nyingine. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji kizima, nimetamka kwa vina na mizani kwamba kitovu changu kiko Lupiro.

Babu Kaspari hakuhitaji shahidi mwingine. Alikuwa anapita njiani akiughani ule ubeti wangu, kwa sauti ya chini, akitabasamu.

Asubuhi ya siku ya baraza nilimkuta Bibi uani anapepeta mchele. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Nilisema uongo."

Hakuacha kupepeta. "Huo uongo mwombe Mungu, yeye ni mwepesi wa kusamehe. Mimi nina swali langu dogo tu, Adelina. Katika shairi lile lote, mimi nilikuwa wapi?"

Niliwaweka humo watawala nisiowajua, nikaweka mto na ng'ambo yake, na mwanamke aliyenipokea kwa mikono yake juu ya maji nikamfuta kabisa. Nililia pale mpaka kamasi zikanitoka.

"Nyamaza," akasema. "Machozi hayawezi kulima."

Nikamwambia nataka kusimama barazani niseme kweli yote. Lakini kweli yote ilikuwa ni pamoja na kile kikapu cha mpunga, na hicho kilikuwa chake, si changu. Nikamwomba ruhusa. Hapo ndipo ungo ulipotulia mikononi mwake. Alikuwa na haki ya kukataa. Miaka hamsini alikuwa ameishi na watu wale bila kuwapa la kumsema.

"Lisemwe," akasema mwisho. "Ila ulitie vina. Ule uongo uliutia vina, na kweli yangu isitoke uchi."

Nilitunga njiani, mwanangu, kutoka Lumemo mpaka barazani, nikihesabu mizani kwa vidole nyuma ya Bibi.

Barazani palijaa. Babu Kaspari alisema maneno yake kwa utulivu, akamalizia kwa kuughani ubeti wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wengine wakacheka. Jumbe, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, akanigeukia.

"Binti, maneno haya ni yako?"

"Ni yangu, shikamoo."

Niliogopa mpaka nikachanganya salamu. Wakacheka tena.

"Basi kama kitovu chako kiko Lupiro, mnatafuta nini Lumemo?"

Nikasema, "Mzee, lile ni shairi nililotunga kwa kuona haya. Naomba nighani lile nililopaswa kulighani." Jumbe akatikisa kichwa kukubali. Nikamtazama Bibi. Alikuwa ametazama chini, lakini alikuwa ameketi wima. Nikafungua kinywa, na sauti yangu ile ya kujivunia sikuiona. Ilitoka sauti nyembamba, ya mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

Bibi yangu alivuka, mtumbwini na wageni,
Njaa ilipowafika, kikapu tupu nyumbani,
Mpunga ukapimika, akaachwa ugenini,
Kitovu akakizika, Lumemo, kwake shambani.

Nikaongeza kwa maneno ya kawaida habari ya dungu na mafuriko na kile kijungu cha majivu. Hapakuwa na aliyecheka.

Babu Kaspari akainuka. "Jumbe, huyu ni mtungaji. Jana Lupiro, leo Lumemo, kesho atazaliwa Mahenge."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, ndilo lililoniuma. Mwongo hata akisema kweli hasadikiwi. Jumbe naye akasema, "Ni kweli. Nitajuaje kwamba hili la pili hujalitunga kwa ajili ya shamba?"

Nilikuwa nimemvua Bibi nguo mbele ya watu, na bado nilikuwa sijasaidia kitu.

Ndipo Bibi akasema, bila kusimama, bila kupandisha sauti. "Jumbe, mwache mtoto. Mimi nina neno moja kwa huyu ndugu yangu. Kaspari, siku niliyofika kwenu, baba yako alipokuwa anampimia mjomba wangu ule mpunga, wewe ulikuwa umekaa kizingitini. Ulinipa nini?"

Babu Kaspari akatazama pembeni. Jumbe akasubiri. Kama angekana, tumekwisha, maana wengine wote walioiona siku ile walikuwa wamekwishakufa. Alichezea kofia yake, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Nusu ya kambale," akasema.

"Sema wasikie," Bibi akamwambia.

"Nilimpa nusu ya kambale wangu. Alikuwa analia." Akapangusa uso kwa kofia. "Na baba alimpa shamba lile siku ya ndoa yake. Alisema huyu si wa kikapu, huyu ni binti yangu. Nilikuwapo."

Akaketi. Jumbe hakuhukumu hata, aliuliza tu kama kuna mwenye neno jingine, na hapakuwapo; shamba likabaki letu.

Unadhani tulirudi tukiimba? Bibi alitembea mbele, mimi nyuma yake, mpaka Lumemo. Tulipofika shambani akanipeleka pembeni, penye kichuguu cha zamani, akakanyaga ardhi kwa unyayo wake. "Ni hapa," akasema. "Siku nyingine wakikuuliza usihangaike na vivuko." Kisha akacheka kidogo, na mimi nikajua nimesamehewa. Babu Kaspari alikaa miezi bila kupita kwetu. Halafu siku moja alikuja na kambale wawili, akawaweka mlangoni akaondoka. Bibi akawapika, akanituma nimpelekee mmoja kwake, akisema huyo ndiyo ile nusu aliyompa utotoni, pamoja na riba yake.

Lakini usidhani kweli haikuwa na gharama. Wapo waliomwita Bibi mtoto wa kikapu mpaka anakufa. Alikuwa anaitika. Nami kila niliposikia lile jina lilinichoma mimi, si yeye.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ghani habari ya kwenu, usiache. Mwacha asili ni mtumwa, na asiyesema alikotoka wengine watamsemea wanavyotaka. Lakini usijitungie kwenu. Pale unapoona haya ndipo penye ukoo wako, na mara nyingi ndipo palipo na haki yako pia. Na kabla hujalitoa neno la mtu mzima hadharani, nenda ukapige magoti umwombe, kwa sababu maisha yale si yako peke yako. Akikukatalia, nyamaza. Akikuruhusu, mtungie vizuri kuliko ulivyojitungia wewe. Ukimaliza, lisome upya shairi lako ujiulize lile swali la Bibi: waliokubeba wako wapi humu?

Sasa lete hiyo karatasi. Futa hao watemi, sisi hatuwajui. Weka mtumbwi, weka kikapu, weka na nusu ya kambale. Mimi nakuruhusu, na Bibi Sekunda angekuruhusu; amelala pale penye kichuguu, hatua chache tu kutoka kitovu changu, na mimi nimeshawaambia ndugu zako pa kunilaza.

Mungu akutie nguvu ya kifua, mwanangu. Akupe sauti isiyotetemeka ukisema kweli, na ikitetemeka basi isikatike. Nenda ukawaghanie watu, na wazee wako wasimame nawe.