Nilitangaza msiba wa mtoto wetu, kumbe yuko hai

Wakuu, salamu kutoka Masara. Hii sikuhadithiwa na mtu. Ilinipata mimi, na hadi leo simu ikilia nashtuka kwanza.

Nauza vifaa vya wachimba dhahabu hapa. Pia mimi ndiye admin wa group ya ukoo. Mtu wetu akifariki, poster inakuja kwangu, naipost, watu wanaanza kujipanga. Kwetu ukichelewa kutangaza msiba utaulizwa ulikuwa unaficha nini. Kwa hivyo huwa sichelewi.

Asubuhi moja, shule zimefungwa, namba nisiyoijua ikanitumia poster.

Ni Atieno, mtoto wa marehemu ndugu yangu, yuko Form Two, anaishi na mamake upande wa Homa Bay. Picha yake imegeuzwa black and white, mshumaa kando, chini imeandikwa "Pumzika kwa amani."

Nikapigia mamake, mteja hapatikani. Nikapiga tena, mteja.

Hapo ndipo nilikosea. Badala ya kungoja nikaipost kwa ukoo: "Tumempoteza mtoto wetu. Walio karibu wafike nyumbani." Nikafunga duka nikaondoka.

Njiani mama yangu akapiga kutoka kisiwani Takawiri. Alikuwa analia hadi sikumwelewa, ila nilisikia injini ya boti.

Kufika, boma imejaa, wamama wanapiga nduru. Shemeji, mamake Atieno, ametoka sokoni, simu imeisha chaji tangu jana. Ameketi chini. Akaniuliza mimi, "Shem, mtoto yuko wapi? Nimemwacha hapa akifua."

Yawa, jamani. Hakuna mwili, hakuna hospitali, hakuna mtu ameona kitu. Nguo ziko kwa karai, yeye hayuko.

Msichana wa jirani, wanasoma darasa moja, akanivuta kando akanionyesha simu yake. Wanafunzi walikuwa wamefungua group, "Matanga ya Atieno", wakaweka poster ile ile, wakamuadd yeye mwenyewe. Akitoka wanamrudisha. Kulikuwa na poll: tumzike lini? Ijumaa, Jumamosi, au hata leo. "Hata leo" ndiyo ilikuwa inaongoza, na majina ya waliopiga kura yako pale, mpaka la yule wa dawati moja naye. Messages wameset zijifute baada ya siku moja.

Kosa lake? Alimwambia mwalimu ni nani wako na simu bwenini.

Sasa niliogopa kuliko mwanzo. Mwanzo nilidhani amekufa. Sasa nilijua yuko hai mahali, peke yake, na hiyo poll mkononi.

Tulitafuta chooni, kwa mahindi, kila mahali. Hakuna mtu alitaka kutaja ziwa lililo hapo chini. Nilienda huko mwenyewe, nikatembea ufuoni nikiangalia maji, na sikumbuki nilikuwa naomba nini.

Tulimpata kwa store ya jirani, nyuma ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwa. Simu mkononi. Alikuwa amesikia kilio chote cha kumlilia yeye.

Nikamuuliza mbona hakutoka.

"Uncle, ya kwao nilijua ni ya kunitesa, nimezoea. Halafu nikaona yako kwa group ya ukoo. Nikadhani hata nyinyi mmechoka na mimi."

Nililia mbele ya mtoto, sioni haya kusema.

Mama yangu akafika, akamwendea. Alimshika uso, mikono, vidole vyote, kama mtoto mchanga. Kulilia mtu aliye hai ni jambo zito kwetu, na mama hajawahi kumwacha alale peke yake tangu hiyo siku.

Shule ikafunguliwa, Atieno akabaki nyumbani kwanza, sisi tukaenda kwa deputy, naibu wa mwalimu mkuu. Group imefutwa, poll imejifuta, darasa zima halijui kitu. Yule msichana wa jirani naye akaogopa, akanyamaza. Kitu kilibaki ni poster kwa group ya ukoo. Deputy akaisoma polepole.

"Na hii imetumwa na nani?"

Nikasema ni mimi.

Wakuu, piga simu hadi mtu ashike, kama si mwenyewe basi jirani. Na ukipata mambo kama haya piga screenshot hapo hapo, kabla hujakasirika. Mimi nilikimbilia kupost.

Nitukaneni, nimekubali. Lakini mwenye amepitia hii aniambie: mtoto kama huyu unamwambia nini? Bado yuko kwa group ya ukoo, amekataa kutoka. Kila nikitangaza msiba, yeye ndiye wa kwanza kusoma.