Bahasha ya Sleiman

Sleiman aliuza sufuria mtaani Rohero, katika duka la marehemu baba yake, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtu wa pili katika mashindano ya sataranji ya mjini. Alikuwa mpole. Hata mteja aliyemdhulumu, yeye alimsindikiza mpaka mlangoni.

Mwaka wa 1997, Jumamosi ya fainali, alikaa mbele ya Astère, mwalimu aliyekuja kwa baiskeli kutoka Buterere. Kwa sababu ya vita, barabara ya kaskazini, ya kwenda Buterere, ilikuwa ikifungwa saa kumi na mbili jioni, na wachezaji walikuwa na desturi yao: jua likishuka, anayeishi karibu na klabu ndiye husema, "Tutie bahasha." Huandika hatua yake, bahasha ikafungwa, mchezo ukaendelea kesho. Anayeishi mbali haombi. Kuomba ni kukiri woga.

Ilipofika saa kumi na moja, Sleiman alikuwa amezidiwa. Ngome zake zimeliwa, mfalme amebanwa pembeni. Ila zamu ilikuwa yake, na saa yake ya mchezo ilikuwa bado na dakika hamsini. Akashika tama.

Astère akatazama dirisha, kisha bahasha tupu iliyolala mezani.

Mwamuzi Herménégilde akakohoa. "Kaka Sleiman, jua linaenda."

"Bado nafikiri."

"Unafikiri ao unaatamia mayai?" mtu akadakia nyuma. Watu wakacheka. Masikio ya Sleiman yakawaka moto, lakini neno la bahasha halikumtoka.

Saa kumi na mbili kasorobo, Astère akamlaza mfalme wake, akakubali kushindwa. "Hongera, kaka. Mi naenda, watoto wananingoja."

Nyumbani, mkewe Sheikha aliweka kombe juu ya kabati. "Ulimuweza namna gani?"

"Alichoka," Sleiman akajibu, na hakula.

Kesho yake alimkuta Astère klabuni, suruali imekauka tope mpaka magotini.

"Nilikuta wamefunga barabara," Astère akasema. "Nikapita mu mpunga. Baiskeli niliacha humo."

Sleiman akapanga kete kama zilivyokuwa jana, akatoa bahasha mfukoni. Ndani alikuwa ameandika neno moja: Nimeshindwa.

Astère akalisoma, akaikunja karatasi, akamrudishia.

"Apana, kaka. Ule mchezo uliisha."

Akazikusanya kete, akaanza kuzipanga upya. Sleiman hakuweza kuinua uso. Aliiona tu mikono ile, imechanwachanwa na majani ya mpunga, ikisimamisha askari mmoja mmoja, wa Astère kwanza, halafu na wa Sleiman.