Neno Nililoliongeza Kortini

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani nilikwenda kortini na tai ya kuazima na maringo yangu mwenyewe. Mkalimani Mkuu, mzee wa Kibokoni asiyecheka ovyo, aliniambia kazi ni moja: shahidi akisema kwa Kiswahili, nimpe hakimu kwa Kiingereza, naye aandike. Nisipunguze, nisiongeze. Nikaitikia tu.

Wiki ile nilikuwa nimejifunza neno appal. Maana yake ni kumshtua mtu kwa jambo baya mpaka achukizwe. Waingereza humalizia kwa l moja, Wamarekani mbili. Kamusi ilisema limetoka Kifaransa cha kale, kwenye neno la kupauka, yaani mtu ameshtuka hadi rangi ya uso imemtoka. Wallahi nililipenda. Nikawa nalitafutia mahali.

Mahali pakapatikana. Salim, fundi wa kupaka rangi wa Makadara, alishtakiwa kuiba cherehani kwenye nyumba moja ya Mji wa Kale. Shahidi alikuwa jirani, Bi Rukia. Alisema alisikia hodi, akafungua mlango wake, akamwona Salim. "Nilishtuka," akasema, basi. Mimi nikampa hakimu lile neno langu: appalled.

Hakimu, mtu wa bara asiyekijua vizuri Kiswahili chetu, mpole, akaandika. Kisha akaniuliza kama shahidi alichukizwa hivyo kwa kumwona mshtakiwa akiiba. Salim alijua Kiingereza kidogo. Nikamtazama kizimbani: uso umemsawijika, midomo imemkauka. Asili ya neno niliyoisoma kwenye kamusi nikaiona kwa macho yangu, na aliyemtenda hivyo ni mimi.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Kujisahihisha mbele ya korti nzima niliona ni kuipoteza kazi. Lakini mtu angefungwa kwa maringo yangu.

"Mheshimiwa, nimekosea," nikasema. "Shahidi amesema alishtuka tu. Naomba aulizwe kwa nini."

Akaulizwa. Bi Rukia aliona haya, akavuta buibui lake.

"Mwanangu, nilidhani ni shoga yangu. Nilifungua kichwa wazi, hata mtandio sina. Kumbe mwanamume, anauliza nyumba ya kupakwa rangi. Cherehani sikumwona nayo."

Hakimu akalikata neno langu kwa mistari miwili. Hapakuwa na shahidi mwingine, na Salim akaachiliwa.

Mkalimani Mkuu akaniita. Nilijua nimefukuzwa. Akafunga mlango, akasema, "Leo ndiyo umeanza kazi."

Niliifanya hadi kustaafu, Lamu, Malindi, kisha hapa tena, chini ya mahakimu wakali na wapole. Maneno makubwa nayapenda bado, ila nayasomea nyumbani.

Juzi Achieng, mkalimani niliyemfundisha kabla sijaondoka, alinipigia simu yuko Feri, akingoja kuvuka kwenda kwake Likoni. Alikuwa amejisahihisha mbele ya hakimu mkali, na kesho yake ameitwa ofisini. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Achieng, mwanangu," nikamwambia, "leo ndiyo umeanza kazi."