Gari Lilitoka, Karatasi Ikabaki

Baba alipompa mjomba gari la maksai, hakumpa karatasi yake. Hakuwa mchoyo. Kwetu ng'ombe akitolewa, kamba aliyofungiwa hubaki kwa mwenyewe wa kwanza, ili baraka ya zizi isiondoke naye. Baba akaona karatasi ndiyo kamba ya gari. Akaiviringisha, akaichomeka darini juu ya moshi. Kisha akaitemea nira mate ya baraka, mjomba akaswaga maksai mpaka kwake Kikwe.

Gari lile baba alilipata kwa kaburu mmoja, baada ya kumlimia misimu mitatu. Karani wa boma la Wajerumani pale Arusha aliandika jina la baba kwenye karatasi ile, na kipande cha bati chenye nambari kikapigiliwa ubavuni mwa gari. Majina ya watu wale wote ninayo kichwani, hata ya maksai wawili wale, lakini sitayaandika. Wajukuu zao wapo.

Masika moja wakaja askari wawili asubuhi. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Mwenye gari ni nani?" Wakataja nambari. Gari limevunja daraja jipya la boma, limelala mtoni, aliyeliendesha kafungua maksai akakimbia.

"Si langu tena," baba akasema. "Nilimpa..." Akamtazama mama. Mjomba na mama ni tumbo moja.

"Karatasi iko wapi?"

Baba wa watu, akaichomoa darini kwa mkono wake mwenyewe. "Hii hapa. Nimeitunza vizuri."

Askari akacheka. "Mzee, umetunza viboko vyako! Hamsa ishirini, kesho jua likiwa utosini."

Ndivyo tulivyoviita viboko vile ishirini na tano. Niliwahi kumwona mtu aliyevipata; hakukaa kitako mwezi mzima, naye alikuwa kijana. Baba alikuwa na mvi.

Walipomchukua, mama alijifunga shuka kiunoni. Nikamwuliza, "Unakwenda kumleta mjomba?" Alishika njia ya Kikwe.

Kesho yake bibi alinipeleka bomani na kibuyu cha uji. Watu walikuwa wamekusanywa watazame. Baba alisimamishwa karibu na pipa la kulazia watu wanaochapwa. Hakutaka uji. Mimi nilikuwa nakitazama kivuli chake. Kila nikitazama kimepungua. Kilipofika kwenye vidole vya miguu, askari mmoja akashika kiboko.

Ndipo nikamwona mjomba langoni, na mama nyuma yake, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, bwana karani," mjomba akasema. "Gari ni langu."

"Karatasi inasema la huyu."

"Basi iandike upya."

"Nyinyi watu wa mlimani! Mnagawiana gari kama mkungu wa ndizi, halafu mimi nijue!"

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, rudi. Una watoto wadogo."

"Na hawa wako ni wazee?"

Mama alisimama katikati yao. Hakumtazama mume wala kaka.

Karani akasema na Mjerumani wake, yule akatikisa kichwa kukubali. Jina la baba likapigwa mstari, la mjomba likaandikwa chini yake, kila mmoja akachora alama yake. Karani akampa mjomba karatasi. Mjomba akampa mama amshikie, wino bado mbichi, akavua shuka.

Baba hakugeuza uso mpaka kiboko cha mwisho. Halafu akambeba mjomba mgongoni, tukaondoka.

Miaka ikapita, nikaposwa. Siku baba alipomtoa ng'ombe wangu wa kwenda naye, wazee wa upande wa mume wangu wakashtuka. "Mzee, umesahau kamba yako shingoni mwa ng'ombe!"

"Sikusahau," baba akasema. "Ichukueni."

Mjomba alikuwa amekaa palepale, kwa ubavu, kama alivyozoea kukaa tangu siku ile. Akainuka, akanikabidhi kamba mkononi yeye mwenyewe.